Neno "uaa" lilipofika London

Mwishoni mwa Aprili 2025, BBC ilirusha filamu ya uchunguzi kuhusu waandamanaji wa kupinga kodi mpya waliopigwa risasi nje ya Bunge la Kenya mnamo Juni 25, 2024. Kuna mahali askari asiye na sare anasikika akiwahimiza wenzake: "Uaa!" Muda mfupi baadaye polisi aliyechutama anafyatua bunduki, na waandamanaji wanaanguka, baadhi yao wasiamke tena. Mtazamaji wa London ilibidi aelezwe maana ya neno lile. Sisi hatukuhitaji mkalimani. Huku kwetu ni neno la nyoka aliyeingia jikoni.

Siku chache baadaye wabunge kadhaa walitaka BBC ipigwe marufuku nchini. Onyesho la filamu hiyo lililopangwa Nairobi lilikuwa limeshafutwa, na BBC ikasema ni kwa shinikizo la wakuu. Watengenezaji filamu wanne wakatiwa mbaroni, ingawa BBC ilieleza kwamba hawakuhusika kuitengeneza. Hoja ya wakubwa ilikuwa ile ile inayotolewa kila vijana wanapoingia barabarani: vyombo vya Magharibi vinatuchonganisha, vinaonyesha upande mmoja, vinapenda Afrika inayowaka moto.

Ningefurahi kusema ni uongo mtupu. Si uongo mtupu. Wananchi wenyewe walianza kulalamika zamani. Machi 2012, baada ya maguruneti kurushwa kwenye kituo cha mabasi Nairobi, CNN iliripoti kana kwamba nchi nzima inaungua, na Wakenya wakaiandama mtandaoni bila huruma. Julai 2015, Obama alipokuwa njiani kuja, ikatuita kitovu cha ugaidi. Mwezi uliofuata mkubwa wake mmoja, Tony Maddox, akapanda ndege hadi Nairobi kuomba msamaha.

Hata ile Juni 25 yenyewe. Auma Obama alikuwa akihojiwa mubashara na CNN moshi wa vitoa machozi ulipowafikia. Ukisoma baadhi ya vichwa vya habari vya ng'ambo siku ile, ungedhani watu walitoka Githurai na Rongai kwa miguu ili dada yake Obama apate kikohozi. Kodi ya mkate iliyokuwa kwenye Mswada wa Fedha nayo ilisimuliwa mno, ilhali serikali ilikuwa imeiondoa tangu Juni 18. Watu waliendelea kutoka kwa sababu hasira yao ilikuwa juu ya pesa za umma zinavyoliwa, na juu ya wabunge waliopigiwa simu na wapiga kura wao usiku na mchana, kisha 195 wakaupitisha mswada huo dhidi ya 106. Tena siku hiyo hiyo polisi wetu wa kwanza waliotumwa kupambana na magenge ya Haiti walitua Port-au-Prince, basi kwa wahariri wengi wa ng'ambo Nairobi ikawa tanbihi ya Haiti.

Makosa hayo nayahesabu kuwa ya uvivu, na uvivu unaudhi. Lakini uvivu na uchochezi ni vitu viwili, na anayevichanganya kwa makusudi ana lake jambo.

Turudi kwenye filamu. BBC ilisema ilipitia picha zaidi ya 5,000. Idadi hiyo haijanitoka kichwani. Mtu anaposema "vyombo vya kigeni" hufikiria Mzungu mwenye kamera kubwa na fulana ya mifuko mingi. Picha elfu tano hazipigwi na huyo. Zilipigwa na msichana aliyekuwa akikimbia Parliament Road simu ikiwa juu ya kichwa, na kijana aliyekuwa akirusha TikTok bila kujua nyuma yake kuna nini, na mpiga picha wa gazeti la hapa hapa aliyelala chini ya ukuta. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha sekunde kadhaa, na kipande peke yake hakisemi kitu. Kazi ya uchunguzi wa namna hii ni kuvipanga kwa saa: mlio uliosikika kwenye simu hii uoane na mlio wa simu ile, kivuli kioane na kivuli, mpaka ijulikane bunduki ilikuwa mikononi mwa nani. Hata huyo aliyekuwa akimhoji Auma Obama, Larry Madowo, ni mtoto wa Siaya. Ukiondoa picha zetu, macho yetu na neno letu lile moja, cha kigeni kinachobaki ni mshahara na mnara wa kurushia.

Mnara nao una habari yake. Juni 25, 2025, kumbukumbu ya mwaka mmoja, nilikuwa kwa kinyozi. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imeagiza vituo visitangaze maandamano mubashara. NTV ikazimika tukiitazama. Kinyozi akaenda KTN, nayo ikafa. Akasimama na mashine ikiunguruma hewani, nusu ya kichwa changu imenyolewa, akasema, "Sasa tungoje London ituambie yaliyotokea Moi Avenue." Mahakama Kuu ilisimamisha agizo lile, lakini saa zilizohitajika zaidi zilikuwa zimeshapita. Na kuna njia ya kimya zaidi ya kuzima: Machi 2024 wizara iliagiza matangazo ya serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC, shirika la serikali, peke yake. Mhariri anayelipa mishahara kwa matangazo hayo hahitaji kutishwa kwa simu.

Ndiyo maana methali ya mgeni njoo mwenyeji apone inanijia, ingawa naisema huku nikiona aibu kidogo. Jirani zetu wameionja. Tanzania, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, na iliporudi ndipo video za raia zilipoanza kutoka, na vyombo kama CNN na BBC vikakaa kuzihakiki moja moja wakati ndani watu waliogopa hata kuzitumiana.

Kuna lalamiko moja ambalo sina jibu lake. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu zaidi ya watu 50 waliouawa katika maandamano ya 2024. Filamu ilifuatilia vifo vitatu, vile vilivyotokea mbele ya kamera nyingi, penye jengo linalojulikana duniani. Aliyepigwa risasi kichochoroni, mahali ambapo hakuna aliyetoa simu, bado anangoja. Mgeni huchagua maiti za kuhesabu, na huchagua kwa mwanga uliopo. Hilo ni haki kulisema. Lakini wanaolisema kwa sauti kubwa zaidi ni wale wale ambao kwa miezi kumi hawakuhesabu hata hao watatu. Polisi walipoulizwa walijibu kwamba hawawezi kujichunguza wenyewe.

Kwa hiyo anayedai tumesingiziwa ana kazi fupi. Aisikilize sauti ile tena, atuambie askari yule alikuwa akisema nini kama hakusema "uaa". Ni herufi tatu tu.