Pistoni ilionewa bure

Karne ya 19 mafundi wa Uingereza walikuwa na homa moja, kila mtu anataka injini ya mvuke inayozunguka moja kwa moja, hataki kabisa kusikia habari ya pistoni inayoenda na kurudi. Hoja yao ukiisikia inaingia akilini: pistoni ikifika mwisho inasimama, inaanza upya, kwa hiyo nguvu inapotea. Hapo ndo walipochemka, maana nguvu iliyoikimbiza pistoni haipotei, ikianza kupunguza mwendo inairudisha kwenye krenki na flaiwili (lile gurudumu zito linalotunza mzunguko), kinacholiwa ni msuguano tu basi. Patenti kibao zilitolewa kutibu ugonjwa ambao haupo!

Ila jamani zile mashine ni tamu kuziangalia. Mimi naikubali ya mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower, patenti ya 1882. Chukua krosi joint ya propela shafti, ifungie ndani ya tufe la chuma, ndo hiyo: diski katikati, pande zake mbili kuna vipande vya robo tufe vimefungwa kwa bawaba, shafti mbili zimekaa mshazari, zikizunguka nafasi zinafunguka na kujifunga, mvuke unaingia unasukuma. Ilizunguka kasi hadi ikaunganishwa moja kwa moja na dainamo ya taa, bila mkanda.

Shida yake ni kuvuja. Ringi ya pistoni ni duara ndani ya duara, inajitanua yenyewe na inalika sawasawa, lakini kwenye tufe lile una kona, una kingo, sehemu moja inasuguliwa kuliko nyingine, sasa utaziba wapi uache wapi. Na huyu huyu Tower ndiye aliyekuja kuonyesha 1883, akipima beringi, kwamba mafuta yanainyanyua shafti mpaka chuma hakigusani na chuma, alitoboa tundu la oili akaliziba, presha ikakisukuma kizibo nje. Kichwa kile bana!

Aliyemaliza ubishi ni mhandisi Charles Parsons na tabaini yake ya mvuke ya 1884, yaani shafti yenye mapanga yanayosukumwa na mvuke, mizunguko 18,000 kwa dakika. Yeye hakuhangaika kubana mapanga yagusane na kasha, aliacha upenyo, mvuke kidogo unavuja na maisha yanaendelea. 1897 boti yake Turbinia ikakatiza mbele ya gwaride la meli za kivita za Malkia Victoria pale Spithead, baharini kusini mwa Uingereza, na boti za doria hazikuikamata.

Wanaotaka kurudi kwenye kona na kingo bado wapo, muulize mwenye Mazda RX-8, gari lenye injini ya rota ya pembetatu badala ya pistoni, kuhusu sili za ncha za rota.