Tilapia wa Luapula na mgeni wa mabwawani

Anayechimba bwawa la samaki kandokando ya Lubumbashi hukutana mapema na swali la vifaranga: atatoa wapi, na wa aina gani? Wengi huchagua niloticus, tilapia wa Nile. Hukua upesi, hula chakula cha dukani bila kuringa, na soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, halimkatai. Katika mji ambao kitoweo cha bukari (ugali wa huku) mara nyingi ni Thomson, samaki wa barafu kutoka baharini, hoja hiyo si ya kudharau.

Anayeumia ni tilapia mwenyeji, Oreochromis macrochir. Kwao ni mito ya Zambezi ya juu na Kafue, na ziwa Bangweulu. Katika mto Luapula na ziwa Mweru yupo ndugu yake mweruensis, ambaye wavuvi humwita “pale.” (Jina la kumchanganya Mswahili: “Nimenunua pale.” Pale wapi?) Jina mweruensis ni la 1983, kabla ya hapo naye alihesabiwa macrochir.

Dume wa macrochir hurundika mchanga ukawa kichuguu chenye sahani juu. Wa Mweru huchora nyota kwenye sakafu ya maji. Jike hutaga hapo, huyadaka mayai mdomoni na kulea watoto humo humo. Ungedhani ufundi huo ungemlinda jike asikosee mchumba. Wapi! Katika ziwa Itasy, Madagaska, macrochir alipandikizwa miaka ya 1950, niloticus akafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakazaa machotara, na kabla ya miaka ishirini kuisha macrochir halisi alikuwa ametoweka. Kafue nako machotara wapo, tangu niloticus atoroke kwenye mashamba ya samaki. Ndiyo sababu kuu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kumwandika macrochir kati ya walio hatarini.

Wafugaji hujibu kwamba niloticus ni Mkongomani: yuko Kivu na Tanganyika tangu asili. Kweli, na huko Kivu macrochir ndiye mgeni aliyeletwa. Lakini maji ya Kivu na ya Luapula hukutana mbali sana, Lualaba; huku juu “pale” aliishi bila jirani huyo.

Hujibu pia kwamba wanafuga madume matupu, waliogeuzwa kwa homoni, basi hawatazaa. Hapa ndipo ninapowapinga. Homoni haigeuzi wote. Na dume aliyetoroka ana haja gani ya jike wa kabila lake, wakati mtoni majike wamejaa?

Hata hivyo, anayempigia debe mwenyeji akumbuke Kipopo, kituo cha ufugaji kilichokuwa kikimkuza macrochir tangu enzi za Elisabethville, jina la kikoloni la Lubumbashi. Mabwawa mengi ya wakati huo yaliachwa: samaki walizaliana mapema mno, bwawa likajaa vidagaa visivyouzika. Isitoshe, vyandarua vya mbu vinavyotumiwa kuvulia na maji ya migodi humwonea “pale” bila mfugaji kuhusika.

Kwa maoni yangu, bwawa linalomwaga maji mto Kafubu, unaoshuka hadi Luapula, lisipewe niloticus kabisa. Mvua za Januari haziulizi ruhusa ya kupita juu ya tuta. Tangi lililofungwa, mbali na kijito, ni habari nyingine.

Mwenye bwawa atauliza nani atamlipa miezi ya ziada ya kumngoja “pale” akue. Swali la haki. Ila kasi ya niloticus wa leo haikutoka mtoni: mradi ulioanza Ufilipino mwaka 1988 ulichagua wazazi bora, kizazi baada ya kizazi. Kazi ya namna hiyo ingeweza kuanzia Kipopo, kwa wazazi waliovuliwa Luapula wangali halisi.