Kitwitwi wa Tibet na Suruali Yangu

Kwanza nawaomba mzime ile sauti inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Najua mmeisikia. Shangazi yangu wa Pangani naye ameisikia, kanipigia simu akaanza kunisomea Ayatul Kursi kabla hata sijasema haloo. Fundi baiskeli wa Ngamiani, ambaye mpaka Jumamosi asubuhi nilikuwa namwita rafiki, anawaambia watu kwamba nilinaswa na jini wa mikoko nikawa napiga kelele, "Tibet! Tibet!" Kelele nilipiga. Jini hakuwepo.

Mliozoea kunicheka na darubini yangu mnajua habari za vitwitwi. Kwa wageni: ni vile vindege vya rangi ya mchanga vinavyokimbia ufukweni, vinasimama ghafla, vinakimbia tena kama vimesahau kitu nyumbani. Kuna mmoja wao alihesabiwa aina moja miaka mingi. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa vinasaba, ikaonekana wale wanaozaliana Siberia na wale wa nyanda za juu za Tibet si ndugu wa karibu hivyo. Huyo wa Tibet yuko karibu zaidi na binamu yake mnene mwenye mdomo mrefu. Talaka ikatoka. Wetu wa pwani hii akaangukia upande wa Tibet, Anarhynchus atrifrons kwa jina la kitaalamu, na wale wa Siberia wengi wao huishia Asia ya Kusini-Mashariki na Australia. Kwa hiyo ukimkuta wa Siberia hapa Tanga, wapo watu watakaokuheshimu. Wachache, lakini wapo. Mimi nikaitaka heshima hiyo.

Shida ni kwamba sehemu kubwa ya mwaka wote wawili ni kahawia juu, weupe chini, huna la kusema. Ni sasa, Aprili, kabla hawajaondoka, ndipo madume wanavaa nguo za harusi: kifua rangi ya kutu, na paji la uso. Wa Siberia paji lina weupe uliokatwa na mstari mweusi. Wa Tibet paji jeusi tii. Nilichokuwa nakitafuta ni paji la uso tu, jamani. Paji!

Jumamosi hiyo fundi akanipakia kwenye baiskeli kwenda kulitafuta. Njiani tukapita ng'ombe wamezungukwa na yangeyange. Fundi akauliza kwa kejeli kama na hao wamepewa talaka, wakawa aina mbili. Nikamwambia ndiyo, wa Asia sasa anaitwa wa Mashariki, huyu wetu wa Magharibi. Akafunga breki. "Sisi ni Afrika Mashariki, yangeyange wetu awe wa Magharibi?" Hakunisemesha tena mpaka mashamba ya chumvi.

Maji yalikuwa yamekupwa. Vitwitwi viko mbali, mbele ya mikoko. Fundi akabaki juu ya tuta, mimi nikashuka. Hatua ya kwanza matope kwenye kifundo. Ya pili kwenye goti. Ya tatu mguu ukaingia mpaka pajani, na nilipojaribu kuuchomoa, wa pili ukamfuata mwenzake kwa adabu zote. Nikabaki nimesimama wima, darubini shingoni. Wakati huohuo maji yakaanza kujaa.

Hapa ndipo akatokea mzee mmoja kwenye tuta, na nyuma yake akina mama waliokuwa wakichokoa chaza. Nanyi mnajua watu wa Tanga, huokolewi kabla hujasalimiana.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo babu."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo." Maji kwenye mapaja.

"Watoka wapi?"

"Ngamiani, babu."

"Barabara ya ngapi?"

"Ya Kumi na Nne." Maji kiunoni.

"Aa, wamjua yule muuza kashata wa pale kona?" Namjua. Tukamzungumza na huyo. Mpaka afya yake.

"Sasa wafanyani humo?"

Nikamweleza. Nifanyeje, nimeulizwa na mtu mzima. Nimezama nusu, nafundisha habari za Siberia na Tibet. Mzee akasikiliza vizuri, kisha akauliza nani kampa ndege jina jipya. Nikasema kuna kamati za wataalamu, zinakaa zinalinganisha orodha, tena Marekani mwaka 2023 chama chao kikubwa kilitangaza kwamba ndege wao walioitwa kwa majina ya watu watatafutiwa majina mengine. Mzee akanyamaza. Halafu akasema, kwa uchungu wa kweli: "Mimi kwenye kitambulisho waliniongezea 'a' moja mwishoni, nikawa mwanamke. Nimejaza fomu mpaka mkono umechoka. Huyu ndege wa Tibet alijaza fomu gani?"

Sikuwa na jibu, na wala sikupata nafasi ya kulitafuta, kwa sababu maji yalikuwa yanavisukuma vitwitwi kuja nchi kavu, na njia yao ikapita pale nilipo. Mimi walinichukulia gogo. Dume mmoja akasimama mbele yangu, karibu kiasi kwamba darubini ilikataa kabisa kumwona. Nikazungusha, nikazungusha, ukungu mtupu. Nikaishusha. Akageuza uso polepole. Paji jeusi tii.

"Tibet!" nikapiga kelele. "Tibet!" Yaani yule yule wa kila siku. Akanya, akaenda zake.

Akina mama ndio walioona kwamba maskini ameanza kuweweseka. Wakafunga khanga mbili ncha kwa ncha, wakanirushia. Wakavuta. Sikutoka. Mama mmoja akapaza sauti, "Fungua mkanda, suruali ndiyo nanga!" Nikafungua. Wakavuta tena, huku wanaimba, wallahi wanaimba, na mimi nikatoka kwa mlio ambao sitauandika hapa, nikatua tumboni mbele ya tuta nikiwa na bukta ya maua niliyonunua mnadani kwa sababu ilikuwa ya mwisho.

Mengine mnayajua. Fundi alikuwa na simu. Nimerudi mjini nyuma ya baiskeli nimejifunga khanga ya mtu.

Suruali bado iko kule, na ufunguo wa chumba uko mfukoni mwake. Maji yakipwa Jumanne nitarudi. Mwenye ubao mrefu aniazime. Fundi asiambiwe.