Makaburi ya Timbuktu ni ya walio hai

Kila inapotajwa kesi ya kuvunjwa kwa makaburi ya mawalii wa Timbuktu, hakosekani wa kuuliza: watu wanauawa, nanyi mnalilia kuta za udongo? Swali hilo si la kubezwa. Mwaka 2016, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai (ICC) ilipomfunga Ahmad Al Faqi Al Mahdi miaka 9 kwa uvunjaji huo, majaji wenyewe walisema kwamba makosa dhidi ya mali kwa kawaida ni mepesi kuliko makosa dhidi ya watu. Lakini mimi naamini kesi ile ilihusu watu tangu mwanzo.

Mwaka 2012, makundi ya wanajihadi ya Ansar Dine na Al-Qaeda yalipoushika mji huo wa Mali, Al Mahdi aliongoza Hisba, kikosi cha makundi hayo cha kusimamia maadili. Yakavunjwa majengo 9 ya makaburi ya mawalii, pamoja na mlango wa msikiti wa Sidi Yahia, ambao wenyeji waliamini haufunguliwi mpaka dunia iishe. Hakuna risasi iliyokuwa ikirushwa kutoka humo. Hata kisingizio cha mahitaji ya kijeshi, ambacho Mkataba wa The Hague wa 1954, unaolinda mali za utamaduni wakati wa vita, umekiachia upenyo, hakikuwepo. Zilikuwa sehemu za kuombea dua. Mvua zikizila kuta, majirani hukusanyika kuzikandika upya, na ulinzi wake ni kazi ambayo familia hurithishana.

Ndiyo maana hukumu ya fidia ya Agosti 2017 naithamini kuliko ile ya kifungo. Mahakama ilimtwika Al Mahdi euro milioni 2.7, na ikawataja wazao wa waliozikwa pale na wale ambao riziki yao ilitegemea makaburi hayo. Hapo sheria iliwaona wenye msiba. Yeye hakuwa na kitu, kwa hiyo mfuko wa waathirika wa ICC ukabaki kutafuta fedha, nao wenyeji wakasubiri miaka. Mafundi wa mjini, kwa msaada wa UNESCO, walikwisha kuyajenga upya kufikia 2015. Wao hawakungoja mahakama.

Sasa Mali, pamoja na Burkina Faso na Niger, ilitangaza Septemba 2025 kujitoa ICC. Naupinga uamuzi huo kwa moyo wote. Kujitoa hakufuti makosa ya 2012, na Iyad Ag Ghaly, kiongozi wa Ansar Dine, bado anatafutwa. Lakini kujitoa huko kukishakamilika, atakayeshika sululu kesho huenda asipate wa kumshitaki The Hague, yaliko makao ya ICC.