Mfumo Unasema Mimi ni Mama

Jana nimekwenda kituo cha afya na kiuno. Kiuno tu. Nimerudi na kiuno kilekile, na juu yake nimeambiwa nimechelewa kupima saratani ya mlango wa kizazi.

Foleni siisemi, mnaijua. Wala yule dada wa mapokezi anayekuuliza ugonjwa wako kwa sauti ya mnada.

Dokta mwenyewe kijana, ana adabu. "Shikamoo mzee." Lakini shikamoo kaipa kompyuta, nikaitikia kwa niaba yake. Mimi mtu mzima, nimechomekea, nimevaa saa. Nikaanza: "Dokta, hiki kiuno tangu Ijumaa..." Akainua kidole kimoja, kilekile anachochapia. "Subiri kwanza mzee, mfumo una maswali."

Sigara? Sivuti. Bia ngapi kwa wiki? Nikasema mbili, mfumo ukakubali, Mungu anisamehe. Mazoezi? Nikamwambia kila asubuhi nasimama kwenye daladala Mbagala hadi Kariakoo. Akasema hicho kipengele hakipo. Kilo 78, urefu mita 1.65, mashine ikapiga hesabu: 28.7. Ukivuka 25 uzito umezidi, kisanduku chekundu. Presha 148 kwa 94, chekundu kingine, maana mpaka ni 140 kwa 90. Nikamwambia apime siku ambayo sijakaa foleni tangu alfajiri. Akakubali kwamba presha haihukumiwi kwa kipimo kimoja. Hapo nikampenda kidogo.

Kisha akakunja uso. "Mfumo unauliza mara ya mwisho umepima lini mlango wa kizazi."

"Wa nani?"

"Wako. Una miaka 44. Wanawake wa 30 hadi 50 tunawakumbusha."

Jina langu Zawadi. Kosa la kwanza ni la bibi aliyenipa, la pili la mapokezi walioandika KE bila kuinua kichwa.

"Dokta, nitazame."

Akatazama kioo. "Hapa unasoma KE."

"Ruka basi."

"Hairuki. Nisipojaza, ukurasa wa dawa haufunguki."

"Weka ME."

"Jinsia siwezi kubadilisha, mpaka mtu wa TEHAMA."

"Yuko wapi?"

"Dodoma. Semina."

"Andika nimepima!"

"Nitakuwa nimedanganya, mzee."

Umeme ukakatika. Tukabaki wote tunakitazama kioo cheusi. Nadhani ndipo aliponiona mara ya kwanza, mle kiooni: mtu na ndevu zake, kashika kiuno.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe nini? Nipime basi!"

"Tusubiri umeme urudi."

Jamani! Mikono anayo, macho anayo, kiuno kiko mbele yake! Kompyuta siikatai. Baba mdogo alianguka shambani kwa presha ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Angepata hata mashine ya kumsumbua, pengine tungekuwa naye. Lakini isumbue anayehusika! Mke wangu ana miaka 41. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, kipimo chenyewe wanapaka siki na kuangalia, dakika chache tu, na yeye hajakumbushwa hata kwa nukta. Ujumbe umekuja kwenye simu yangu, jioni, tukiwa mezani. Kausoma yeye. Kacheka mpaka kakaa chini.

"Nenda basi, usiwachoshe watu."

Alipomaliza kucheka akaniuliza hiyo presha ilikuwa ngapi, nikafanya kosa la kumjibu. Leo maharage hayana chumvi. Nimetoka kwenda dukani kwa Mangi kutafuta japo kachumbari, naye kafungua daftari lake, halijui umeme wala Dodoma: "Zawadi, ile sukari ya tarehe 3." Jina sahihi, tarehe sahihi, deni sahihi. Ila hiyo kilo nina wasiwasi nayo, maana lile jiwe la mizani ya Mangi limebanduka upande, na kila ukimuuliza anasema lilikuja hivyohivyo.