2021: Sifa zilitangulia, kazi zikabaki njiani

Alhamisi ya tarehe 7 Oktoba 2021, mnamo saa nane mchana, simu yangu ilianza kulia mfululizo. Kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), watu waliokuwa kimya miezi kadhaa walizinduka wote kwa mpigo: Mzanzibari kachukua Nobel ya Fasihi! Jina lilipoandikwa, Abdulrazak Gurnah, pakapita kimya. Kisha mmoja wetu, tena mwalimu wa fasihi, akauliza swali ambalo wengi tulikuwa tunaliogopa: "Kaandika nini?"

Simcheki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesoma riwaya yake moja tu, ya kuazima, tena jalada lilishachanika. Kesho yake nikatoka kazini mapema na kuzunguka maduka matatu ya vitabu hapa Dar es Salaam. La kwanza hawakuwa nacho chochote. La pili muuzaji aliniomba nimwandikie jina kwenye karatasi. La tatu walikuwa na rafu nzima ya vitabu vya kufundisha watu utajiri wa haraka, na dada wa dukani akanionyesha kimoja kwa huruma, kana kwamba shida yangu imeshajulikana.

Kila mwisho wa mwaka huwa tunaandika orodha za waliotamba: mwanamuziki fulani, mwigizaji fulani, kitabu fulani. Orodha za 2021 nimezirudia mara nyingi kwa sababu mwaka ule ulikuwa mzito kwa watu wetu kuliko miaka mingi ninayoikumbuka. Ila kuna swali halikuulizwa. Kabla ya dunia kumpigia mtu makofi, kazi yake ilikuwa imetufikia sisi? Ukipima kwa swali hilo, mambo yanageuka kabisa.

Tuanze na Gurnah mwenyewe. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka kwenda Uingereza miaka ya 1960 ikiwa mwishoni, baada ya Mapinduzi, akiwa kijana wa miaka kumi na minane hivi. Hakuweza kurudi kuona kwao mpaka 1984, akawahi kumwona baba yake muda mfupi kabla mzee hajafariki. Riwaya ya kwanza ilitoka 1987. Mpaka tuzo inamfikia alikuwa na riwaya kumi na amestaafu uprofesa katika Chuo Kikuu cha Kent. Inasemekana simu ilipopigwa kumpa habari alidhani ni watu wa mizaha. Yaani mtu ameandika zaidi ya miaka thelathini, na bado tuzo ikamshangaza kama ilivyotushangaza sisi.

Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na haki ya kushangaa. Sisi tulikuwa na miaka 27 ya kujiandaa. Paradise ilitoka 1994 ikaingia orodha fupi ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza, mwaka uleule. Ni hadithi ya Yusuf, kijana anayewekwa rehani kwa tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, kisha anafuata msafara wa biashara kwenda bara, Wajerumani nao wanaingia. Mambo yale ni yetu mpaka kwenye mifupa. Misafara, wapagazi, madeni, mtu anayemwita tajiri wake mjomba na wala si mjomba. Maneno ya Kiswahili yametapakaa ndani ya Kiingereza chake, na amewahi kueleza jinsi wachapishaji wa kule wanavyopenda kuyaandika kwa herufi za mlalo ili yaonekane mageni. Kwetu yasingekuwa mageni hata chembe. Tatizo, hayakuja kwetu.

Kilichofuata mnakikumbuka. Wiki nzima tuligombana mitandaoni kama yeye ni Mtanzania au si Mtanzania, wengine wakitetea uraia pacha, wengine wakimpa uraia na kumnyang'anya ndani ya aya moja. Sikuona watu wengi wakigombania kitabu. Nilikuwa nimeudhika, nakiri, na bado nimeudhika. Maana ugomvi wa uraia ni rahisi. Hauhitaji usome kurasa mia mbili na zaidi.

Kuna wanaosema shida ni kwamba sisi hatusomi. Sikubaliani nao hata kidogo. Waliokulia Dar wanajua magazeti ya Eric Shigongo, mtunzi na mchapishaji, yalivyokuwa yakigombaniwa kwa ajili ya hadithi tu, ukilikosa la wiki hii unaenda kumwomba jirani. Leo kuna watunzi wanauza riwaya WhatsApp sehemu kwa sehemu, msomaji analipa kwa simu, na akicheleweshewa sehemu ya kumi na mbili anatukana. Huyo ni msomaji, tena mwenye kiu. Ila hauziwi kitabu kilichopigwa chapa London, kwa lugha ya pili, kwa bei ya kulisha nyumba wiki nzima.

Sasa njoo kwenye sinema, ambako kisa kinachekesha zaidi. Septemba 2021, mwezi mmoja kabla ya Nobel, filamu ya Vuta N'kuvute iliyoongozwa na Amil Shivji ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto. Hapa hakuna wa kuuliza "kaandika nini?" Riwaya ya Adam Shafi iliyochapwa 1999, sisi wa HKL tumeikariri! Tumejibu dhamira, tumejibu wahusika, tumejibu mandhari, tumejibu nafasi ya mwanamke mpaka karatasi ikaisha. Yasmin anaozwa kwa mzee Raza akiwa bado mtoto, anatoroka, anakutana na Denge aliyevurugwa na siasa za kudai uhuru. Nusu ya wanasheria na maofisa habari wa nchi hii wanaweza kukusimulia usiku wa manane bila kufungua kitabu.

Kwa hiyo filamu ilikuwa na watazamaji tayari, waliosubiri miaka ishirini bila kujijua. Shivji naye hakuwa mgeni. T-Junction yake ilishatoka 2017. Waigizaji wakuu, Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika, wamebeba Unguja ya miaka ya 1950 kwa utulivu ambao hatukuuzoea kwenye filamu zetu, ambako mtu akikasirika lazima jirani wa tatu ajue. Lakini waliotangulia kuiona ni watu wa Kanada.

Nieleweke. Tamasha la nje ni biashara halali; huko ndiko msambazaji anakopatikana, na mtengeneza filamu asiyekwenda huko anajinyima. Sina ugomvi na Shivji. Ninachokisikitikia ni hiki: Unguja ile ya miaka ya 1950 inayoonyeshwa ndani ya filamu ilikuwa na majumba ya sinema: ilikuwa na Empire, ilikuwa na Majestic, ilikuwa na Sultana. Yasmin na Denge wangetaka, wangeweza kutoka jioni kwenda kuangalia picha. Mjukuu wao wa 2021, majumba yale yameshanyamaza, angesubiri ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, pale Ngome Kongwe mara moja kwa mwaka, au apande boti aje Dar kutafuta ukumbi ndani ya jengo la maduka. Sinema zetu za DVD zilizomkuza mwigizaji Steven Kanumba zilikufa kwa kudurufiwa, na kilichobaki ni king'amuzi. Ndiyo maana tamthilia kama Huba zikashika majumba: zilikuwa zinamkuta mtu kwake, amekaa, ana chai. Wenzetu wa sanaa huzidharau. Mimi nimeacha, tangu nilipogundua mama mkwe wangu anawajua wahusika wote wa Huba kwa majina na hajui mwongozaji hata mmoja wa filamu anayetajwa kwenye matamasha.

Halafu kuna Rayvanny, mwanamuziki.

Tarehe 14 Novemba 2021, kijana wa Mbeya, Raymond Mwakyusa, alipanda jukwaa la tuzo za MTV za Ulaya mjini Budapest na Maluma wa Colombia wakaimba Mama Tetema. Kihispania kikapishana na Kiswahili mbele ya watu ambao sidhani kama wangeweza kuionyesha Mbeya kwenye ramani. Siku hiyo hakuna aliyeuliza kaimba nini. Tetema yenyewe, ile ya awali, tulishaicheza tangu 2019, harusini, kwenye daladala, kwenye sherehe za kumaliza darasa la saba ambako haikupaswa kupigwa. Kenya nako, mwaka ule wa 2019, Ezekiel Mutua wa bodi ya filamu alishasema wimbo huo ubaki baa na klabu. Haukubaki. Ukazunguka ukafika Hungary.

Sisemi Tetema ni sawa na Paradise. Mashairi yake hayahitaji mhakiki, yanahitaji nafasi ya kutosha kwenye sakafu. Lakini tazama njia yake. Unatoka studio, unapandishwa YouTube, kesho yake dereva wa bodaboda anao, keshokutwa mtoto wa jirani anaukosea maneno. Hakuna rafu, hakuna forodha, hakuna ukumbi. Kwa hiyo Maluma alipokuja alikuta wimbo uliokwisha kupita mtihani wa watu wake wenyewe, naye akadandia. Miezi michache nyuma, Juni, mwanamuziki wetu Diamond Platnumz alikuwa amewania tuzo ya BET ya Marekani na ikaenda kwa Burna Boy wa Nigeria. Watu wetu wengine walifanya kampeni asipewe kwa sababu ya siasa za uchaguzi wa 2020. Hata hilo nalichukulia kuwa dalili nzuri kwa namna yake. Huwezi kumfanyia kampeni mtu usiyemsikia. Gurnah hakuwa na maadui nyumbani kwa sababu hakuwa na wasomaji.

Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, sasa marehemu, aliliona jambo hili mapema kuliko sisi wote. Machi 2021 utenzi wake alioutunga kwa Kigĩkũyũ na kuutafsiri mwenyewe kwa Kiingereza uliingia orodha ndefu ya Booker ya kimataifa, kazi ya kwanza iliyoandikwa kwa lugha ya asili ya Kiafrika kufika hapo. Alianza na wa nyumbani, Kiingereza kikaja nyuma. Sitaki kumlaumu Gurnah kwa kuandika kwa Kiingereza; kila mtu na maisha yaliyompata. Ila tarehe 23 Novemba, UNESCO ilipoitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nilishangilia kama kila mtu, kisha nikakumbuka kwamba mzungumzaji wa Kiswahili maarufu kuliko wote kwa wiki zile hakuwa na riwaya hata moja madukani kwetu kwa Kiswahili.

Deni hilo lilianza kulipwa 2022. Ida Hadjivayanis alitafsiri Paradise, wachapishaji Mkuki na Nyota wakaitoa kwa jina la Peponi. Nilinunua nakala mbili, moja nikampelekea shangazi yangu Unguja, mtu wa miwani mizito na subira ndogo. Nilidhani atakiweka kabatini karibu na vikombe vya wageni. Alikimaliza kwa siku nne. Akanipigia usiku, bila hata salamu ya maana, akanisimulia habari za Yusuf kama vile ni kijana wa mtaa wa nyuma, akamsema yule tajiri vibaya sana, akamsema na baba mtu vibaya zaidi. Nikamwacha mpaka akapumua.

"Na huyu bwana kaandika hiki tu?"

"Hapana shangazi, kaandika kumi, na anaendelea."

"Basi niletee hivyo tisa."

Nikamwambia ninavyo viwili, ila ni vya Kiingereza.

"Mimi na Kiingereza wapi na wapi? Nitasubiri."

Kila nikivuka kwenda Unguja huniuliza kama vimeshafika.