Opera ya Kings Road Isiishie kwa Msanifu

Wazo la kutunga opera kuhusu watu waliowahi kukaa katika nyumba ya msanifu majengo Rudolph Schindler, iliyoko Kings Road, West Hollywood, Marekani, naliunga mkono. Ninachokihofia ni ule mtego wa kumweka msanifu katikati ya jukwaa, wenzake wote wakabaki kuwa waitikiaji wake.

Nyumba yenyewe inaukataa mpango huo. Rudolph Schindler, mzaliwa wa Vienna aliyefika Los Angeles mwaka 1920 kusimamia kazi za msanifu maarufu Frank Lloyd Wright, aliijenga kati ya 1921 na 1922, yeye na mkewe Pauline wakishirikiana na rafiki zao, mume na mke, Clyde na Marian Chace, na katika ramani hapakuwa na sebule wala vyumba vya kulala vya kawaida. Kila mtu mzima, awe mume au mke, alikuwa na chumba chake cha kufanyia kazi. Jiko lilikuwa moja kwa wote. Vyumba vilifunguka uani, na usiku watu walipanda kulala katika vibanda vya wazi juu ya paa. Kuta ni mabamba ya zege yaliyomiminwa yakiwa yamelazwa chini kisha yakainuliwa, na kati ya bamba na bamba pakaachwa upenyo mwembamba wa kioo. Mtunzi anayetafuta umbo la muziki wake amekwisha kuchorewa: sauti nne zenye haki sawa.

Tena, nyumba hii ilianzia kichwani mwa Pauline kabla haijaanza mikononi mwa mumewe. Alikuwa amefanya kazi Hull House, kituo cha huduma za jamii huko Chicago, miongoni mwa wahamiaji na maskini, na kabla hajamjua Rudolph alikwisha kumwandikia mama yake juu ya ndoto ya nyumba ndogo ambayo milango yake ingekuwa wazi kwa marafiki wa kila tabaka.

Miaka ya karamu haitampa mtunzi taabu. Richard Neutra, msanifu mwingine wa kutoka Vienna, na mkewe Dione walihamia mwaka 1925, na Dione alikuwa na kipaji cha kupiga chelo huku akiimba. Miaka ya 1930 akapita hapo kijana John Cage, aliyekuja kuwa mtunzi mashuhuri wa muziki. Kwa hiyo chelo isikosekane, na ala nyingine ziwe chache, maana okestra nzima katika vyumba vyenye dari fupi na sakafu ya zege ingemeza kila neno.

Kuna kishawishi kingine kikubwa zaidi. Schindler na Neutra walifarakana, hasa baada ya daktari Lovell, ambaye Schindler alikuwa amemjengea nyumba ya pwani, kumpa Neutra kazi ya nyumba yake ya mjini. Mwaka 1953 Neutra alipatwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa hospitali, na kitanda alichopewa kikawa katika chumba kimoja na Schindler aliyekuwa anakaribia kufa. Nani asiyetaka kumalizia hapo, wanaume wawili wakipatana vitandani? Mimi sitaki. Onyesho hilo ni zuri mno, na uzuri wake ndio utakaomfuta Pauline.

Pauline aliondoka na mtoto wao mwaka 1927, ndoa ikiwa imemshinda, lakini mwishoni mwa miaka ya 1930 akarudi kuishi katika upande uliokuwa wa akina Chace, mumewe wa zamani akiwa upande wa pili, chini ya paa lilelile. Waliandikiana barua. Kuta ambazo Rudolph alitaka zibaki na rangi yake asilia ya zege na mbao, Pauline alizipaka waridi. Kwetu pwani mke mwenye la kusema na asiyetaka kulisema huvaa kanga na kuliacha jina la kanga liseme. Nikisoma habari za rangi ile, nahisi huyu naye alikuwa na kanga yake.

Hapo ndipo ningeweka moyo wa opera, na ningeiigiza ndani ya nyumba hiyohiyo. Wasikilizaji wagawanywe, nusu ua huu na nusu ua ule. Waimbaji wawili waimbe barua zao bila kuonana, na kila kundi lisikie vizuri upande mmoja tu, upande wa pili ukiwafikia kwa kukatikakatika. Najua kuna watakaolalamika kwamba walilipa kiingilio kamili wakapata nusu ya maneno. Waliokaa humo nao walikuwa wakipata nusu.

Rudolph alifariki mwaka huo wa 1953. Pauline aliendelea kuishi Kings Road hadi kifo chake mwaka 1977, miaka 24 mingine ndani ya nyumba ambayo dunia ilizidi kuiita ya Schindler, ikimkusudia mmoja tu. Mtunzi atakayeipa miaka hiyo wimbo mmoja mfupi wa kufungia pazia atakuwa amerudi kulekule kwa msanifu.